Makandamoja wa Nchi ya Hapaumi

Nakijwa Mbwambo alikuwa fundi wa mabomba ya maji huko milimani Upare kwa miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu alidhani ameshaona kila namna ambayo maji yanaweza kumshinda binadamu. Hakumaliza hata mwaka nyumbani. Ikamfikia barua kutoka nchi ambayo hakuwahi kuisikia. Walioandika walisema wana geji ya maji inayowagombanisha, na wanamtaka mtu wa nje, asiye na ndugu wala adui kwao, awaambie kama geji hiyo inasema kweli au inasema uongo. Nakijwa akafunga spana zake mbili ndani ya kanga, akaenda. Safari yenyewe haina la kusimulia, alifika.

Mpakani alimkuta mlinzi mwenye kofia ya bati.

"Pauma?" mlinzi akauliza.

"Pauma wapi?"

Mlinzi akamtazama kwa huruma. "Mgeni, ukiulizwa pauma, unajibu hapaumi. Hiyo ndiyo salamu yetu, na ndilo jina la nchi unayoingia."

"Na kama panauma kweli?"

"Basi utapelekwa ofisi nyingine." Hakusema ni ofisi gani.

Kisha akamuuliza umri. Nakijwa aliposema sitini na mbili, mlinzi alipiga makofi, wakatokea wanaume wanne na kiti cha miti. Sheria ya Hapaumi ilisema kwamba mtu akishatimiza sitini hakanyagi chini tena. Atabebwa. Ni heshima yake. Nakijwa alikataa, wakamweleza kwa upole kwamba heshima ya nchi ile haina hiari, na akabebwa kama shehena ya matofali mpaka mjini, magoti yakimgonga kidevuni.

Lakini walipofika kileleni mwa mlima unaotazama mji, alisahau magoti. Chini yake, katikati ya bonde, ilikuwa pampu kubwa kuliko jengo lolote alilowahi kuliona, nyekundu, yenye umbo la ngumi, ikijikunja na kujikunjua. Wenyeji waliiita Mdundo. Kutoka kwake ulitoka mfereji mmoja mpana kama barabara ya sokoni. Mfereji ukagawanyika kuwa minne, minne ikawa mia, mia ikawa isiyohesabika, mpaka ile ya mwisho ikawa myembamba kiasi kwamba matone yalipita humo yakifuatana moja moja. Hapakuwa na nyumba mjini, hata kibanda cha kuku, isiyofikiwa na mfereji wake.

"Inazimwa lini kwa matengenezo?" Nakijwa aliwauliza wabebaji.

Hawakulielewa swali. Mmoja alimjibu kwamba babu wa babu yake aliikuta inadunda, na tangu hapo haijapumzika hata kwa muda wa kupiga chafya.

Nakijwa alikuwa amezoea pampu zinazokufa kila baada ya miaka minne. Akawaomba wamshushe kidogo. Alilaza kiganja chake chini, akausikia Mdundo ukipita ardhini, na machozi yakamtoka bila yeye kujua kwa nini.

Alipangiwa kukaa Mtaa wa Juu, kwa Bi Tegemeo, mama wa miaka sabini na minne aliyekuwa mtunza majina wa nchi. Maana katika Mtaa wa Juu ndimo yalimohifadhiwa majina ya vitu vyote: makabati kwa makabati, kila jina kwenye kidroo chake. Na mifereji ya mtaa ule ilikuwa myembamba kuliko yote. Barazani kwa Bi Tegemeo alikaa mumewe, Mzee Ridhaa, mkono wa kushoto umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Shikamoo, mzee," Nakijwa alisema.

"Hapaumi," Mzee Ridhaa akajibu.

"Nimeipata barua yenu, nimekuja."

"Hapaumi."

Bi Tegemeo akamshika Nakijwa bega. "Ndilo neno lililombakia, mdogo wangu. Mwaka jana mfereji wa nyuma ya nyumba ulipasuka. Ulimwaga maji kwa muda wa kuchemsha chai tu, lakini makabati mawili yakazama. Tukapoteza majina ya vyombo vya jikoni, na majina ya siku tatu za wiki. Yeye alikuwa ndani anapanga vidroo. Asubuhi ile walimuuliza pauma, akasema hapaumi. Na hakusema uongo. Kweli palikuwa hapaumi."

Nakijwa akaomba kuona geji. Ilikuwa ukutani, shaba safi, imefunikwa kitambaa kilichofumwa maua, na kitambaa kimepigwa lakiri ya serikali. Bi Tegemeo akamweleza sheria. Geji yaruhusiwa kusomwa na mtu anayeumwa tu. Asiyeumwa akiisoma, anajitafutia maradhi.

"Sasa huo ugomvi wa geji ulianzaje?"

"Upepo ulikifunua kitambaa," Bi Tegemeo alisema, na hapo Nakijwa akamwona anatabasamu kwa mara ya kwanza. "Upepo haushtakiwi. Ikasomeka mia moja themanini na mbili. Zamani nilipokuwa binti ilikuwa mia moja na kumi na kitu. Nikaandika barua."

Siku iliyofuata Nakijwa alisema hawezi kuhukumu geji bila kuona kuta. Alishuka kitini bila kuomba ruhusa, akatembea kwenye ukingo wa mfereji, na Bi Tegemeo akamfuata kwenye kiti chake, wabebaji wakihema. Huko ndiko Nakijwa alikowaona makandamoja.

Kila jiko la mji lilichoma nafaka mchana kutwa ili mji upate nguvu, na pamoja na moshi wa kila jiko walitoka watu wachache waliovaa kandambili upande mmoja tu. Ndiyo maana wakaitwa hivyo. Kandamoja hakuwa mtu mbaya wa moyo. Shida yake ilikuwa ule mguu mtupu: hakuweza kusimama, hakuweza kukaa, aliruka-ruka ukingoni mpaka amkute mtu mwenye kandambili kamili, amrukie, amvue upande mmoja. Akishauvaa alitulia papo hapo, akaomba radhi, akaenda zake kama raia mwema. Ila sasa yule aliyevuliwa ndiye aliyekuwa kandamoja, na yeye naye akaruka kumtafuta mwingine. Nakijwa aliifuata kwa macho ndala moja ya kijani. Ilipita miguu kumi na tisa kabla haijaishia kwenye kona ya mfereji, na kila waliposhikana watu walijigonga ukutani wakauchubua. Mchubuko ukikauka uliota gamba, na chini ya magamba ukuta ulikuwa mgumu kama ngozi iliyoanikwa juani.

"Wamekuwapo siku zote?" Nakijwa aliuliza.

"Siku zote. Jiko haliwaki bila wao. Lakini zamani walikuwapo pia Watoaji." Bi Tegemeo akaelekeza kidole bondeni, kwenye lango lililofungwa kwa mnyororo. "Akina mama wa mashambani. Waliingia kila asubuhi na matenga ya mchicha, kisamvu, mapera na karanga, na kila mmoja ametundika kandambili za ziada shingoni. Kandamoja akimrukia Mtoaji, Mtoaji anavua anampa, na yeye habadiliki. Anabaki mtu yuleyule. Mchezo unaishia hapo."

"Nani aliwafungia lango?"

"Baraza. Walisema mchicha ni chakula cha shida, hauendani na wazee walioheshimika. Tunaletewa vya kukaanga, na chumvi magunia kwa magunia. Chumvi ndiyo zawadi ya mtu mzima hapa."

Walipokuwa wanazungumza, ukutani pakafunguka kijimlango kidogo usawa wa mguu wa Nakijwa, akatoka mtu mwembamba mwenye joho jeupe, anakimbia kama anayekimbiza pumzi yake mwenyewe. Bi Tegemeo akanong'ona: "Tarishi! Mtazame, hajatoka mwingine wiki nzima."

Tarishi alibeba neno moja tu, na neno lenyewe lilidumu kwa pumzi chache. Alifika mahali ukuta ulipobana, akaweka mdomo kwenye tofali, akasema, "Legea."

Na ukuta ukalegea. Nakijwa aliuona kwa macho yake. Mawe yalishusha pumzi kama mtu anayefungua mkanda baada ya kazi, mfereji ukapanuka kwa upana wa viganja viwili, na maji yaliyokuwa yakipiga kelele yakaanza kupita kwa utulivu. Fundi wa miaka thelathini na mmoja, aliyepanua mabomba kwa moto na nyundo na matusi, alisimama mdomo wazi. Neno moja! Kwa sauti ya chini!

Tarishi wa pili alipotoka, kandamoja alikuwa karibu. Alimrukia. Wakashikamana, na walipoinuka hawakuwa tena tarishi wala kandamoja, bali kitu kimoja kikali kilichounguza kila kilichokigusa. Kiliteleza kando ya ukuta kikaacha alama nyeusi. Neno halikufika. Mbele yao mawe yakajikaza zaidi.

"Haya," Nakijwa alisema. "Nipelekeni barazani."

Baraza la Hapaumi lilikutana kwenye ukumbi uliojengwa juu ya mfereji wa Mtaa wa Juu, na wajumbe wote walikuwa wamelala kwenye viti vyao vya kubebwa. Aliyeongoza alikuwa Mheshimiwa Shwari, Waziri wa Utulivu, mwanamume mnene mwenye sauti tamu. Alimkaribisha mgeni, kisha akawaachia wajumbe wajadili kwanza, ili mgeni ajue jibu linalotakiwa.

Mjumbe mmoja alisema geji haina kosa, ila haina adabu. Mtu akizeeka, na geji yake izeeke. Mia moja, ongeza umri wake, na kinachozidi hapo ni upepo. Mwingine alilalamika kwamba mitaa ya mbali inapata maji kidogo, hivyo Mdundo uamriwe usukume kwa nguvu zaidi. Wa tatu, Bwana Kizibo, hakuwa mjumbe bali mfanyabiashara, lakini alikaa mbele kuliko wajumbe. Yeye alileta chupa. Ndani ya chupa, alisema, kuna roho safi ya Watoaji elfu moja, imekamuliwa na kukaushwa, haina haja ya lango wala matenga. Akamimina: zikaanguka kandambili ndogo za karatasi, zimepakwa rangi ya kijani. Ukumbi ukashangilia. Nakijwa akaokota moja, akampa kandamoja aliyekuwa akiruka-ruka mlangoni. Alipiga hatua mbili, karatasi ikachanika, akaendelea kuruka.

"Huyu hakuivaa vizuri," Bwana Kizibo akasema.

"Fundi," Waziri Shwari akaingilia kwa utamu, "tuambie sasa. Geji inasema uongo?"

"Mheshimiwa, geji inasema kweli. Inayosema uongo ni salamu yenu."

Wajumbe walianza kupiga kelele wote kwa pamoja, wengine wakipiga viti kwa fimbo. Na kadiri walivyokasirika ndivyo Mdundo ulivyozidi kusikika sakafuni, haraka, haraka zaidi. Nakijwa akatega sikio. Chini ya kelele zao palikuwa na sauti nyingine, nyembamba, kama ya mbu aliyenaswa ndani ya sikio. Aliijua sauti ile. Bomba huimba hivyo likiwa limebakiza dakika chache.

"Ukuta unaimba!" alipaza sauti. "Tokeni! Hapo chini kuna makabati ya majina!"

"Kuna mjumbe anayeumwa?" Waziri Shwari aliuliza ukumbi. Hakuna aliyenyoosha mkono. "Basi kwa mujibu wa kanuni, kikao kinaendelea."

Hapo Bi Tegemeo alishika mikono ya kiti chake, akajiinua. Miguu yake ilikuwa haijagusa ardhi kwa miaka kumi na minne. Aliyumba. Nakijwa alitaka kumshika, lakini mama yule alimzuia kwa kiganja, akapiga hatua moja, akapiga ya pili. Akauvuka ukumbi mzima mbele ya serikali yake, akatoka nje kwenye ukingo wa mfereji.

Na kila alipokanyaga, kijimlango kilifunguka ukutani.

Hakuna aliyekuwa amewaambia. Watu wa Hapaumi walidhani matarishi wamekwisha kwa uzee wa nchi, kumbe walikuwa ndani, milango imefungwa, wanasubiri hodi, na hodi yao ilikuwa ni nyayo za wazee wenyewe. Akatoka mmoja, wakatoka watano. Wazee waliokuwa wakitazama kutoka madirishani wakashuka vitini, mmoja baada ya mwingine, wengine wakishikana mabega, wengine wakilia kwa ganzi ya miguu. Wakamfuata Bi Tegemeo kuelekea langoni, na nyuma yao joho jeupe kwa joho jeupe yakamiminika ukingoni mpaka mfereji wote ukaonekana kama umeanikwa nguo za sikukuu. Makandamoja waliwakamata wengi. Lakini matarishi walikuwa wengi mno safari hii, na sauti ikazagaa toka kona hadi kona: legea, legea, legea.

Langoni Nakijwa aliukata mnyororo kwa kuusokota na spana zake mbili. Akina mama wa mashambani walikuwa nje na matenga yao, kama vile hawakuwahi kuondoka. Wabebaji wa viti, waliokuwa hawana tena wa kumbeba, wakabeba mchicha. Makandamoja wakawarukia Watoaji, wakapewa, wakatulia. Nakijwa alisimama katikati ya watu wale akiusikiliza ukuta. Uimbaji ulishuka, ukawa mkoromo, ukawa pumzi. Mtaa wa Juu mzima, mawe na chokaa na vidroo vyake, ulishusha pumzi mara moja, na yeye akajikuta amepiga magoti kwenye matope.

Alipofunua geji ilisomeka mia moja hamsini na sita. Hakuwaficha. Aliwaambia wazee kwamba kutembea kumesaidia na mboga zitasaidia, lakini kuta zile zimeshaota magamba kwa miaka mingi na hazitarudi kuwa za ujana. Akapachika koki kwenye mdomo wa mfereji, akawaonyesha jinsi ya kuizungusha robo mzunguko kila asubuhi ili kupunguza msukumo.

"Mpaka lini?" mmoja akauliza.

"Siku zote. Na hasa asubuhi ambayo hamjisikii chochote."

Bi Tegemeo alishtakiwa kwa kukanyaga chini. Waziri Shwari mwenyewe aliketi kuhukumu.

"Mshtakiwa, siku ile ulikuwa unaumwa?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi ulitembea kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nilikuwa siumwi bado. Mume wangu alingoja mpaka paume."

Waziri alipekua kitabu cha sheria mbele na nyuma. Adhabu iliyoandikwa ilikuwa kubebwa maisha, lakini wabebaji walipoitwa ilionekana wako bondeni wanapalilia, na hawakuja. Kesi ikaahirishwa bila tarehe. Baraza likapitisha azimio la kulishukuru Baraza kwa kushuka kwa geji, na mjumbe mmoja akapendekeza kwamba kwa kuwa imeshuka, koki iache kuzungushwa. Pendekezo lile lilishindwa kwa kura mbili.

Nakijwa alikaa wiki saba, akawafundisha wazee sita kazi ya koki. Asubuhi ya kuondoka, alipokuwa anafunga spana zake, Waziri Shwari alifika kwa Bi Tegemeo. Aliwaamuru wabebaji wake wawili wa mwisho wakae mbali, akangoja mpaka wenye nyumba wameingia ndani.

"Fundi," alisema, na sauti yake haikuwa tamu tena. "Nyumbani kwangu kuna geji. Sijawahi kuitazama. Naomba uje uisome, na usimwambie mtu."

Walikwenda. Nakijwa akafunua kitambaa. Waziri alikuwa amegeuka dirishani kama mtu anayechomwa sindano.

"Mia moja tisini na nne, Mheshimiwa."

Waziri akasema, kama mtoto anayejitetea, "Lakini hapaumi."

"Najua."

"Hata kidogo, fundi. Nakula vizuri, nalala vizuri."

"Najua, kaka yangu."

Waziri alifuta uso kwa kiganja. "Nifanye nini?"

"Kesho asubuhi mmoja wa wale sita atakuja kukufungia koki. Leo vaa kandambili, unisindikize mpakani."

Alizitafuta muda mrefu chini ya kitanda. Walipotoka nje alishika ukuta kwa mkono mmoja na bega la Nakijwa kwa mkono mwingine, akaushusha mguu wa kulia kwenye mawe ya ukingo, taratibu, kama mtu anayepima maji ya moto. Akasikia kitu kimegonga. Alitazama chini. Kando ya unyayo wake palikuwa pamefunguka kijimlango, na mtu mwembamba mwenye joho jeupe alikuwa ametoka, akamtazama Waziri mara moja tu, akakimbia na neno lake.

"Huyo alikuwa anakaa wapi?" Waziri aliuliza kwa kunong'ona.

"Kwako," Nakijwa akasema.

Waziri akasimama palepale kwa muda, akiutazama mguu wake. Kisha akaunyanyua wa kushoto.